Kasri la Mtoni, Unguja: nyumba ya shamba ya Al Busaid, kuanzia mikarafuu ya kwanza hadi magofu

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Kila yanapozungumzwa majumba ya ukoo wa Al Busaid, ukoo wa masultani wa Oman na Unguja, mazungumzo huishia Forodhani: Beit al-Ajaib, Beit al-Sahel, na mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Nimeona nifungue uzi kuhusu nyumba ambayo ukoo huo uliishi kabla Beit al-Ajaib haijafikiriwa, nyumba iliyokuwa shamba, nje ya mji, na ambayo leo abiria wa daladala za Bububu huipita bila kugeuza shingo. Ni Beit al-Mtoni, au Kasri la Mtoni, lililo ufukweni kaskazini ya Mji Mkongwe, baada tu ya kuyapita magofu ya Marhubi.

Dai langu nalitoa mapema ili anayetaka kupinga apate pa kushika. Mtoni haikuwahi kuwa kasri kwa maana ya jengo lililochorwa likajengwa likaisha. Ilikuwa nyumba ya shamba iliyoongezwa chumba baada ya chumba kadiri familia ilivyotanuka, na ilianza kufa siku ile familia ilipogawana mali, miongo mingi kabla ya mkono wa mtu au mvua kumalizia kazi.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana hata hiyo ina kesi yake. Kabla ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, kuweka mguu Unguja, mashamba ya Mtoni na Kizimbani yalikuwa ya Mwarabu tajiri, Saleh bin Haramil al-Abry, anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta miche ya mikarafuu kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, mnamo 1812 hivi. Sayyid Said aliyatwaa mashamba hayo kwa hoja kwamba Saleh alikuwa akivunja mkataba wa 1822 na Waingereza, uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa, kwa kuwauzia Wafaransa. Wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba Saleh alikuwa pia kiongozi wa kundi lenye nguvu kisiasa hapa Unguja, kwa hiyo kosa lile lilimfaa Sayyid kwa mikono miwili: alimvunja mpinzani na akapata shamba lenye mikarafuu iliyokwisha kushika mizizi. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi tunasimuliwa kwamba Sayyid Said aliipenda Unguja kwa maji yake matamu na upepo wake. Aliipenda, sina shaka, lakini nyumba ya Mtoni ilisimama juu ya ardhi iliyonyang'anywa.

Sayyid alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akitokea kwenye ugomvi wake na Wamazrui wa Mombasa, na ujenzi wa Mtoni ukafuata muda si mrefu. Kufikia 1840 makao yake makuu yalikuwa Unguja, ingawa Maskati hakuiacha. Mahali palichaguliwa kwa akili. Kijito kinachopapa jina kilishuka hapo hapo hadi baharini, kwa hiyo kulikuwa na maji baridi ya kunywa, ya kuoga na ya kutilia udhu bila kuchota kisimani, na mbele ya nyumba palikuwa na maji ya kutosha kutia nanga merikebu.

Tunajua maisha ya ndani kwa sababu moja tu: mmoja wa watoto waliozaliwa humo aliandika. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, mama yake akiwa suria wa Kisirkasi aitwaye Jilfidan, na kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete. Bila yeye tungekuwa na kuta na ripoti za makapteni wa meli, basi.

Anachoeleza kwanza ni ua, na hapo ndipo ninapopapenda mimi. Ua mkubwa mno, na ndani yake wanatembea tausi, paa, mbuni, kanga, bata, mabata bukini na korongo wekundu, wote wamefunguliwa, na watoto wakubwa wana kazi ya kuokota mayai asubuhi na kumpelekea mpishi. Watoto hao hao walifundishwa kupanda farasi uani, asubuhi na jioni. Upande mmoja wa ua yalikuwepo mabirika ya kuogea, yasiyopungua 12, yamepangwa chini ya paa moja, na kila tabaka la wakazi lilikuwa na lake. Upande wa baharini aliishi Sayyid mwenyewe na mkewe mkuu, Bibi Azza binti Seif.

Salme halisifii jengo. Anasema wazi kwamba nyumba ziliongezwa moja moja kwa mahitaji, na kwamba jumla yake ilikuwa mbaya kuliko nzuri, yenye vijia na korido ambazo mgeni angepotea humo. Huyo ni mtoto wa nyumba anasema, na anaipenda kwa moyo wote. Ndiyo maana nikasema haikuchorwa.

Kitu kimoja tu kilichokuwa na fahari ya kukusudiwa ni bendile: baraza ya duara iliyotokeza juu ya maji, ya mbao iliyopakwa rangi. Hapo Sayyid alikunywa kahawa na mkewe na watoto wake wakubwa, na hapo alionekana akitembea huku na huku ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyokuwa imebaki katika paja lake tangu vita vya ujanani. Palikuwa na darubini za kutazamia bahari, na karibu na hapo mlingoti wa bendera za ishara za kuitia mashua. Ukiniuliza kiti cha dola ya Unguja kilikuwa wapi katika miaka ya 1840, nitakuonyesha hapo, penye mzee mmoja, kikombe cha kahawa na darubini.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa kazi nzuri. Naomba ufafanuzi wa jambo moja. Nimewahi kusikia kwamba Mtoni waliishi watu 1,000. Ukiyaona magofu yale, hesabu hiyo inawezekanaje? Je, huu si utiaji chumvi wa mtoto wa kifalme anayeikumbuka nyumba ya utotoni, ambapo kila kitu huwa kikubwa?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki. Idadi hiyo inatoka kwa Salme mwenyewe, naye anaitoa kama makisio, kwa hiyo isichukuliwe kama sensa. Lakini tuhesabu kwa njia nyingine. Sayyid Said alipofariki alikuwa na watoto 36 walio hai. Kila suria aliyekuwa na mtoto alikuwa na vyumba vyake, wajakazi wake, yaya wa mtoto, na mara nyingi jamaa au wageni wanaomtegemea. Ongeza wapishi, wapagazi wa maji, wapiga makasia, matowashi, mafundi cherehani, walinzi, waalimu wa Qurani, na watu wa shambani waliolala kandokando. Kiwanja nacho kilikuwa kikubwa kuliko kuta zinazoonekana leo, kwa sababu sehemu iliyosalia ni ile ya mawe mazito, wakati vibanda na nyumba za udongo na makuti haviachi gofu.

Kuna jambo jingine linalonifanya niamini kwamba palijaa. Salme anaeleza kwamba mbele ya Sayyid kilisemwa Kiarabu peke yake, lakini akishageuza mgongo tu, nyumba ilirudia lugha zake: Kiajemi, Kituruki, Kisirkasi, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi. Hiyo ni nyumba ya shamba Unguja, miaka ya 1840.

Isitoshe, Sayyid hakukaa Mtoni muda wote. Kwa kawaida alikuwa huko siku nne za juma na siku tatu alikuwa mjini Beit al-Sahel. Safari nyingi kati ya nyumba hizi mbili zilikuwa za bahari. Merikebu iliyoitwa Rahmani ilitiwa nanga mbele ya Mtoni kwa matumizi ya nyumba. Mabaharia wake walipiga makasia ya mashua za familia, na mwezi wa Ramadhani mzinga wake uliwaamsha watu kula daku.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma kwa utulivu na nina neno, si kwa ubaya. Tausi na kahawa vimeelezwa vizuri. Lakini bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Kizimbani, na katika ukoo wetu mashamba yale hayakusimuliwa kwa tausi. Nani alichimba msingi wa Mtoni? Nani alichoma chokaa? Historia ya kasri lolote la mabwana lazima ionyeshe na mikono iliyolibeba, vinginevyo tunaandika tangazo la utalii.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe, na nakiri kwamba nilipaswa kuanza na hilo kabla ya tausi.

Mtoni haiwezi kutenganishwa na karafuu, wala karafuu haiwezi kutenganishwa na utumwa. Salme anasema baba yake alikuwa na mashamba 45. Madogo yalikuwa na watumwa 50 hivi, makubwa yakafika 500, kila shamba chini ya msimamizi wa Kiarabu. Katika yote 45, mawili tu yalikuwa na majumba ya kifalme na sita hadi manane yalikuwa na nyumba za kupumzikia. Ukilitazama jambo kwa hesabu hiyo, kasri ni kilele kidogo sana cha mlima: nyuma ya kila bendile palikuwa na mashamba kadhaa yasiyokuwa na kitu ila mikarafuu, vibanda na mjeledi. Mkarafuu huchukua miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa, na ukishazaa, vikonyo huchumwa kwa mkono, kimoja kimoja, kabla ua halijafunguka, kisha huanikwa majamvini. Kazi hiyo haikuwa na njia ya mkato, na ndiyo iliyovuta watu kutoka bara kwa maelfu hata baada ya mkataba wa 1845 kukataza biashara ya kuwapeleka nje ya himaya ya Sayyid katika Afrika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, wakati Mtoni ilikwisha kuwa gofu.

Ndani ya nyumba pia, neno "familia" lina tabaka zake. Masuria walikuwa watumwa kwa sheria. Aliyemzalia bwana hakuweza kuuzwa tena na aliachwa huru bwana anapofariki, na mtoto wake alizaliwa huru, sawa na mtoto wa mke. Ndiyo maana wanawe Sayyid Said, Majid na Barghash, ambao mama zao walikuwa masuria, walitawala bila mtu kuhoji nasaba yao. Lakini Bibi Azza, binti wa nyumba ya kifalme ya Oman, hakumruhusu mtu yeyote asahau tofauti hiyo. Hakuwa na mtoto hata mmoja, alikuwa mfupi wa kimo, na Mtoni nzima ilimwogopa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, na nimekuwa nikizitengeneza nyumba kongwe kwa zaidi ya miaka 20. Naomba niongeze la kiufundi kuhusu swali la mchangiaji wa kwanza, kwa sababu watu hutazama gofu la Mtoni wakaona vyumba vyembamba virefu, wakadhani ni maghala au jela.

Upana wa chumba Unguja haukuamuliwa na tajiri. Uliamuliwa na boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti inayofaa ni ya urefu wa mita tatu hivi, kupita hapo huanza kupinda. Kwa hiyo hata Sultani chumba chake kilikuwa chembamba. Akitaka chumba kikubwa, alikirefusha. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, ikatwangwa kwa vipande vya mti siku kadhaa hadi ikawa sakafu ngumu. Uzito wake ni mkubwa ajabu. Unene wa ukuta nao hufika nusu mita au zaidi, mawe ya matumbawe yasiyochongwa yaliyofungwa kwa chokaa na udongo.

Nyumba hii ina ugonjwa mmoja tu, nao ni maji. Paa likiachwa msimu mmoja wa masika bila kuzibwa, maji huingia penye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani. Ncha huoza kwanza, katikati ikabaki nzima, kwa hiyo ukitazama kutoka chini unaona dari salama. Siku moja inaanguka yote kwa pamoja na kuvuta ukuta. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe alikuwa ameizibia nyufa kwa saruji. Nilipoichokonoa lipu kwa bisibisi, nyuma ya saruji palikuwa na unga mtupu, chokaa yote imelowa imekosa pa kupumulia. Nikaingiza mkono hadi kiwiko. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani aliivunja Mtoni, nitamjibu kwamba hakukuhitajika mvunjaji. Kulihitajika tu kukosekana mtu wa kupanda juu ya paa kila mwaka kabla ya masika.

Mchangiaji wa nne

Nawasalimu kutoka Maskati. Maalim mleta uzi, huku kwetu jina la Beit al-Mtoni bado linatajwa na wazee waliozaliwa Unguja. Naomba unisaidie mambo mawili. La kwanza, yule mke wa Kiajemi aliyejengewa hamamu ya Kidichi aliishi Mtoni au Kidichi? La pili, ni lini hasa familia iliondoka?

Mleta uzi

Ndugu yangu, karibu sana. Jibu la swali la kwanza ni kwamba Sheherzad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, aliishi Mtoni, na Salme anamkumbuka vizuri kwa sababu aliwashangaza wote: alipanda farasi, alikwenda kuwinda na wapanda farasi wake wa Kiajemi, wala hakujali macho ya Waarabu wa pale. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mnamo 1850 juu ya kilima katikati ya mikarafuu, ilikuwa ya kupumzikia baada ya matembezi na mawindo hayo. Ndiyo maana nakshi zake za lipu, maua na ndege, ni za Kiajemi waziwazi, hazifanani na kitu kingine Unguja. Ndoa yenyewe haikudumu, akarudishwa kwao. Hamamu bado ina paa. Linganisha na Mtoni, utaona fundi wetu hapo juu amesema kweli: kuba la mawe halina boriti za kuoza.

Swali la pili ndilo kiini cha uzi. Kuondoka kulianza hata Sayyid akiwa hai, kwa sababu kijana akishafikia umri wa utu uzima alipewa nyumba yake mjini na mama au dada zake wakamfuata. Salme alitolewa Mtoni akiwa na miaka saba hivi, walipohamia nyumba ya kaka yake Majid, na anasema alikumbuka ua ule kwa huzuni kwa sababu mjini hapakuwa na nafasi ya kukimbia. Kisha tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini, karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Maskati. Mali yake binafsi ikagawanywa kwa warithi kwa sheria ya mirathi, na dola nayo ikakatika vipande viwili: mwanawe Thuwaini Oman, mwanawe Majid Unguja, jambo lililothibitishwa mwaka 1861 na uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India.

Nyumba iliyoendeshwa na mtu mmoja kwa mapato ya mashamba 45 haiwezi kuendeshwa na warithi zaidi ya 30 wasiosemezana. Na kweli hawakusemezana. Mwaka 1859 Barghash alimwasi Majid, akajifungia katika nyumba nyingine ya shamba ya ukoo huo, iliyoitwa Marseilles, iliyokuwa ya marehemu kaka yao Khalid. Salme, akiwa na miaka 15, ndiye aliyekuwa mwandishi wa waasi. Waingereza waliingilia kati, Barghash akapelekwa Bombay, na nyumba ile ikabomolewa kwa mizinga. Kwa hiyo katika miaka mitatu tu baada ya mzee kufa, jumba moja la shamba lilikuwa limeachwa kuzeeka na jingine limepigwa.

Majid akaelekeza macho yake Dar es Salaam. Barghash aliporudi na kutawala kuanzia 1870, alipenda mashamba kama baba yake lakini hakutaka nyumba ya baba yake: alijenga zake, Chukwani, Chuini, na Marhubi iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimekwisha kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Mtoni haikuwa tena na shamba la kuilisha. Salme, aliyekimbilia Aden mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, alirudi kutembea mwaka 1885. Alikuta magofu.

Hapa niwaombe wanaotembeza wageni watenganishe nyumba mbili hizi. Nguzo nene zilizopangwa safu, ambazo kila mtu hupigia picha, ni za Marhubi ya Barghash, ambayo orofa yake ya mbao iliteketea mwaka 1899. Mtoni haina nguzo hizo. Nimemsikia kwa masikio yangu mtembezaji mmoja akiwaambia wageni, akiwa amesimama Marhubi, kwamba Salme alizaliwa penye birika lile. Alizaliwa karibu miaka 40 kabla ya birika lile kujengwa.

Mchangiaji wa pili

Nimeridhika na majibu, mleta uzi. Swali la mwisho: mtu akifika leo anaona nini?

Mleta uzi

Ataona kuta za upande wa baharini, vyumba vyembamba virefu kama alivyoeleza fundi, matao, na nafasi za mabirika. Ufukwe ni ule ule. Jirani pana matangi ya mafuta, kwa sababu pwani iliyofaa kutia nanga merikebu za Sayyid inafaa pia kwa meli za mafuta. Bendile haipo, mbao haiwezi kushindana na chumvi miaka yote hiyo.

Aende asubuhi, maji yakiwa yamejaa, asimame kwenye ukuta wa baharini na kutazama kusini. Ataiona Malindi na meli zilizo bandarini, na ataelewa kwa nini mzee yule alihitaji darubini tu, hakuhitaji kwenda mjini kila siku ili kujua nani kaingia na nani katoka.